Alama zote zimelingana, mbona figo ilichelewa kufanya kazi?

Swali la msomaji:

Shikamoo daktari. Naandika kutoka Ngamiani, Tanga. Mwezi wa pili nilimtolea mdogo wangu wa kiume figo moja. Tuna baba mmoja na mama mmoja, na vipimo vilionyesha kuwa alama zetu za tishu zimelingana zote sita. Tukaambiwa hiyo ni bahati kubwa. Hata hivyo, baada ya upasuaji figo haikutoa mkojo wa kutosha kwa siku nane, akasafishwa damu kwa mashine mara tatu, ndipo mkojo ukaja. Madaktari walinyofoa kipande kidogo wakakipima, wakasema figo haikukataliwa bali imepata majeraha ya kukosa damu, na kwamba kinga ya mwili nayo ilichangia. Sasa kreatinini yake, yaani ile taka ya damu inayopimwa kujua figo inavyochuja, ni 124, na anameza dawa za kushusha kinga: takrolimusi, mikofenolati na prednisoloni. Nyumbani maneno hayaishi: wapo wanaosema figo niliyotoa ilikuwa mbovu, na wapo wanaosema sikutoa kwa moyo mkunjufu. Naomba kujua, kinga ya mwili inawezaje kuijeruhi figo iliyolingana nayo, tena siku ya kwanza? Dawa anazomeza zinalizuia jambo hilo? Na unga wa mitishamba wa kuongeza kinga alioletewa na shangazi, autumie?

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Nianze na lile ambalo naona ndilo linalokuumiza zaidi, ingawa umeliweka katikati ya maswali mengine. Kwa maelezo uliyoyatoa, hakuna hata kimoja kinachoonyesha kwamba figo yako ilikuwa mbovu. Figo mbovu haianzi kazi siku ya tisa ikaishusha kreatinini hadi 124, kiwango ambacho mtu anayeishi kwa figo moja ya kupandikizwa anaweza kukaa nacho kwa miaka mingi akifanya shughuli zake. Ama habari ya moyo mkunjufu, ridhaa yako ilihitajika kabla ya upasuaji, na uliitoa. Baada ya hapo seli za figo hazina njia yoyote ya kujua nia ya aliyezitoa. Kilichotokea kina maelezo yake, na maelezo hayo yamo ndani ya saa chache za siku ile ya upasuaji.

Mwili una kinga za namna mbili zinazofanya kazi kwa kushirikiana. Ya kwanza ni kinga ya asili, ambayo kila mtu huzaliwa nayo ikiwa tayari: haingoji kufundishwa, huanza kazi ndani ya dakika au saa chache, na haina haja ya kumtambua adui kwa jina lake. Ya pili ni kinga ya kujifunza, yaani ile ya seli nyeupe ziitwazo seli T na seli B, ambayo hutengeneza kingamwili (protini za kumnasa adui maalumu) baada ya chanjo au ugonjwa, na ambayo kwa adui mgeni kabisa huchukua siku kadhaa kabla ya kupata nguvu. Vipimo vya kulinganisha tishu mlivyofanyiwa vinaihusu hasa hii ya pili. Alama zile sita, ambazo kitaalamu huitwa HLA, ni protini zilizo juu ya seli zetu, nazo seli T huzisoma ili kujua kilicho chetu na kilicho cha mwingine. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana kwa alama zote, kwa hiyo waliowaambia kuwa mmepata bahati hawakutia chumvi. Lakini sehemu kubwa ya kinga ya asili haisomi HLA hata kidogo. Inachosoma ni dalili kwamba seli imeumia, na seli iliyoumia ina dalili zilezile iwe ni yako, ya mdogo wako au ya mtu wa mbali.

Swali basi linakuwa: figo iliumia vipi, ilhali imetoka kwa mtu mzima wa afya na kuingizwa kwa ndugu yake siku hiyohiyo?

Figo zote mbili kwa pamoja hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani takriban lita moja kila dakika. Ni kiungo kilichozoea neema. Mpasuaji anapoubana mshipa wa ateri ili aitoe figo, neema hiyo hukatika ghafla. Figo husafishwa kwa maji maalumu ya baridi na kuwekwa kwenye barafu, kwa sababu ubaridi wa nyuzi 4 hivi hupunguza sana mahitaji ya seli, lakini kupunguza si kuondoa. Baadaye, figo inapolazwa ndani ya tumbo la mpokeaji ili mishipa iunganishwe, kazi ambayo kwa kawaida huchukua nusu saa au zaidi, huanza kupata joto la mwili huku bado haina damu. Katika muda wote huo mitokondria, vile viwanda vya nishati vilivyo ndani ya kila seli, vinakosa oksijeni. Akiba ya ATP, ambayo ndiyo nishati ya seli, inakwisha, pampu zinazotoa chumvi nje ya seli zinazorota, seli inavimba. Wakati huohuo kemikali iitwayo saksineti inarundikana ndani ya mitokondria, nayo itakuwa na kazi mbaya muda si mrefu. Sehemu inayoumia kuliko zote ni mirija midogo iliyo kwenye tabaka la ndani la figo, ambako hata siku ya kawaida oksijeni hufika kwa shida ilhali kazi ya kufyonza chumvi ni nzito.

Kisha vibanio vinafunguliwa. Figo iliyokuwa na rangi ya kijivu inageuka waridi mbele ya macho ya wote waliomo chumbani, na kwa kweli hakuna anayeiona mara ya kwanza asifurahi. Ila ndani ya seli, dakika hizo za furaha ndizo dakika mbaya. Oksijeni inarudi kwa kishindo, saksineti iliyorundikana inachomwa kwa haraka, na mitokondria vinamwaga aina kali za oksijeni zinazoharibu mafuta ya utando wa seli, protini na hata DNA. Ndiyo maana wataalamu hawasemi jeraha la kukosa damu peke yake, bali jeraha la kukosa damu na kurudishiwa damu. Sehemu ya madhara hutokea kwa kukosa, na sehemu nyingine hutokea kwa kupewa.

Hapo ndipo kinga inapoingia. Seli iliyoumia au iliyokufa kabla ya wakati wake hutoa nje vitu ambavyo kwa kawaida hukaa ndani: ATP, vipande vya DNA, protini iitwayo HMGB1 ambayo makazi yake halali ni kwenye kiini cha seli, pamoja na vipande vya tishu inayoshikilia seli pamoja. Kwa mwili, vitu hivi vikionekana nje ni sawasawa na yowe la usiku mtaani kwetu: majirani hutoka na marungu kabla hawajajua mwizi ni nani, na wakati mwingine mwenye nyumba mwenyewe huambulia kipigo na ua wake kukanyagwa. Vipokezi vinavyolisikia yowe hilo vimo juu ya seli za kinga, na vimo pia juu ya seli za mirija ya figo yenyewe. Vinavyojulikana zaidi ni vya jamii ya Toll, hasa TLR4 na TLR2. Vikishaguswa, seli hutoa kemikali za kuita msaada, mishipa midogo hunata na kuvuja, na tishu huingia katika mchochota, yaani ile hali ya kuvimba na kupata joto ambayo kila mtu anaijua kwenye jeraha la ngozi.

Maarifa haya si ya zamani sana. Kwa miaka mingi elimu ya upandikizaji ilijengwa juu ya kazi ya Peter Medawar, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1960 pamoja na Macfarlane Burnet, na macho yote yalielekezwa kwenye swali moja tu, yaani jinsi mwili unavyotofautisha chake na kisicho chake. Kinga ya asili ilionekana kama kazi ya walinzi wa mlangoni, isiyostahili kuchunguzwa sana. Mwaka 1989 Charles Janeway wa Marekani alitoa hoja kwamba lazima kuwe na vipokezi vya kuzaliwa navyo vinavyotambua hatari ya vijidudu, na kwamba bila vipokezi hivyo kinga ya kujifunza haiwezi kuamka. Ushahidi ulifuata: Jules Hoffmann na wenzake wa Ufaransa walionyesha mwaka 1996 kazi ya kipokezi cha Toll katika kinga ya nzi wadogo wa matunda, na mwaka 1998 Bruce Beutler akaonyesha kipokezi cha jamii hiyo, TLR4, kwa panya. Wawili hao walishiriki Tuzo ya Nobeli mwaka 2011. Katikati ya kazi hizo, mwaka 1994, Polly Matzinger alitoa hoja iliyowakera wengi wakati ule: kwamba mwili hauchokozwi na ugeni kama ugeni, bali na dalili za hatari na uharibifu.

Mwaka huohuo wa 1994 lilichapishwa jaribio ambalo mimi nalithamini kuliko hoja zote za mezani, kwa sababu lilifanywa kwa wagonjwa. Walter Land na wenzake wa Munich, Ujerumani, waliwapa baadhi ya wapokeaji wa figo, wakati wa upasuaji, kimeng'enya kinachozima aina kali za oksijeni nilizozitaja hapo juu. Dawa hiyo haina uhusiano wowote na seli T. Hata hivyo, matukio ya kukataliwa kwa figo yalishuka kutoka asilimia 33.3 hadi 18.5. Maana yake ni nzito: ukilipunguza jeraha la saa ya kwanza, unapunguza pia uhasama wa wiki zinazofuata. Hapo ndipo watu wa fani yetu walipoanza kuamini kwamba jeraha na kukataliwa si milango miwili isiyojuana.

Turudi kwenye figo ya mdogo wako. Ndani ya saa chache baada ya damu kurudi, seli nyeupe ziitwazo neutrofili hujikusanya kwenye mishipa midogo ya figo na kupenya. Hizi ndizo mstari wa mbele wa kinga ya asili. Silaha zao ni vimeng'enya vya kuyeyusha protini na kemikali za kuua bakteria, lakini hapa hakuna bakteria, na silaha huiangukia mirija iliyokwisha kuumia. Nyingine huziba njia ya damu, hivyo sehemu ya figo huendelea kukosa oksijeni hata baada ya ateri kufunguliwa. Zikifuatiwa na seli nyeupe nyingine, monosaiti na makrofaji, katika siku ya kwanza na ya pili, mchochota hushika kasi. Na hapa lazima niwe wa haki kwa kinga yenyewe: makrofaji haohao waliokuja kwa vita hubadilika baada ya siku kadhaa, wakaanza kula mabaki ya seli zilizokufa na kutoa vichocheo vya ukarabati. Seli za mirija zilizosalimika hugawanyika na kuziba mapengo, kazi inayochukua wiki moja hadi tatu. Siku nane za mdogo wako zimo ndani ya muda huo huo. Mashine ya kusafisha damu haikuitibu figo. Ilishika zamu tu wakati mirija ikijijenga upya.

Kuna mkono mwingine wa kinga ya asili ambao husahauliwa na wengi, nao ni komplementi. Ni kundi la protini zaidi ya 30 zinazoamshana kwa zamu, moja ikiikata nyingine, hadi mwisho wake zinatoboa tundu kwenye utando wa seli. Tulizoea kufikiri kwamba protini hizi hutengenezwa na ini na kuletwa na damu. Mwaka 2002 kundi la watafiti wa London, likiongozwa na Steven Sacks, lilichapisha matokeo yaliyobadilisha fikra hiyo. Waliwapandikizia panya figo kutoka kwa panya wa jamii isiyolingana nao, bila dawa yoyote ya kushusha kinga. Figo za kawaida zilikataliwa ndani ya wiki mbili hivi, lakini figo zilizotoka kwa panya wasioweza kutengeneza protini moja tu ya komplementi, iitwayo C3, nyingi zilidumu zaidi ya siku 100. Damu ya mpokeaji ilikuwa na C3 ya kutosha. Iliyokosekana ni ile inayotengenezwa na figo yenyewe. Kwa maneno mengine, figo iliyoumia inachangia kuni za moto unaoiunguza. Ninakusihi usiyasome maneno hayo kama lawama kwa figo yako, kwa sababu kila figo ya binadamu ina uwezo huo na ikiumizwa huutumia.

Hata tofauti kati ya watoaji walio hai na watoaji waliokwisha fariki inaeleweka vizuri zaidi kwa njia hii. Mtu anapofariki ubongo, mwili wake wote huingia katika mchochota kabla figo hazijatolewa. Uchunguzi wa figo za binadamu uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha HMGB1 kwenye mirija ya figo za marehemu kabla ya kupandikizwa, lakini si kwenye za walio hai. Na figo ambazo kipokezi chake cha TLR4 kilikuwa na hitilafu ya kurithi zilianza kazi mapema zaidi, kana kwamba uziwi huo uliziokoa. Kwa figo za marehemu, takriban mpokeaji mmoja kati ya wanne huhitaji mashine ya kusafisha damu katika wiki ya kwanza. Kwa figo ya mtu aliye hai jambo hilo ni la nadra, ila halikosekani: mishipa inaweza kuwa migumu kuunganisha, shinikizo la damu la mpokeaji linaweza kushuka mezani, au muda wa joto bila damu ukarefuka kidogo. Ni lipi kati ya hayo lililotokea kwenu ni swali la kuwauliza waliofanya upasuaji, nao wana kumbukumbu ya dakika kwa dakika.

Na kama bado kuna mtu hapo nyumbani anayeshikilia kwamba kulingana ndiko kila kitu, msomee takwimu hizi. Mwaka 1995 Paul Terasaki na wenzake wa Marekani walilinganisha figo zilizodumu miaka mitatu. Figo zilizotolewa na wake au waume, ambao kwa kawaida alama zao hazilingani na za wenzi wao, zilidumu kwa asilimia 85. Zilizotolewa na wazazi, ambao hulingana nusu, asilimia 82. Na zile za marehemu, ambazo wapokeaji walichaguliwa kwa kuzingatia kulingana, asilimia 70. Mume na mke hawana damu moja, lakini figo ilitoka mwilini ikiwa nzima na ikarudishiwa damu mapema. Sisemi kwamba alama hazina maana. Kwa muda mrefu ujao zitamfaa sana mdogo wako, kwani hatari ya seli T kuigeukia figo yako ni ndogo kuliko ambavyo ingekuwa kwa figo ya mgeni. Nasema tu kwamba kulingana kunajibu swali la wiki na miaka, si la saa za kwanza.

Kuhusu dawa, jibu langu ni kwamba kwa sehemu kubwa hazikuwekwa kwa ajili ya kinga hii ya asili. Takrolimusi huzuia kimeng'enya kinachoiwezesha seli T kuamka, na mikofenolati huzuia seli T na B kuzaana. Prednisoloni peke yake ndiyo inayogusa kwa upana, kwa kuwa hutuliza pia makrofaji na kupunguza kemikali za mchochota. Komplementi haizuiwi na dawa yoyote kati ya hizo tatu. Isidhaniwe kwamba madaktari walisahau. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Ulaya la kingamwili iliyolenga ICAM-1, ile protini inayozifanya seli nyeupe zinate kwenye mishipa. Kwa wanyama ilikuwa na matumaini, kwa wagonjwa haikupunguza ucheleweshaji wa figo wala kukataliwa. Dawa ya ekulizumabu, inayozuia hatua za mwisho za komplementi, nayo ilijaribiwa kwa kusudi la kuzuia ucheleweshaji huo, na jaribio kubwa halikufikia lengo. Sababu moja, kwa maoni yangu, ni kwamba yowe hupigwa kwa sauti nyingi mno, ukiziba mdomo mmoja mingine inaendelea. Sababu nyingine ni ya hadhari: kinga ya asili ndiyo inayowazuia bakteria wa njia ya mkojo wasipande hadi kwenye figo mpya, kwa mgonjwa ambaye kinga yake ya pili imekwisha shushwa kwa makusudi. Kuizima yote si jambo la kuchezea. Kwa sasa kinachofanya kazi kwa uhakika ni kufupisha muda wa figo kukosa damu, kuitunza kwenye ubaridi ipasavyo, kuhakikisha mpokeaji ana maji na shinikizo la damu la kutosha vibanio vinapofunguliwa, na, kwa figo za marehemu, mashine zinazopitisha maji maalumu ndani ya figo badala ya kuiacha kwenye barafu tupu.

Sasa nikueleze kwa nini jambo lililopita bado linastahili uangalizi. Kati ya seli za kinga ya asili zimo seli za dendriti, ambazo kazi yake ni kuokota vipande vya protini penye jeraha na kuvipeleka kwenye tezi za limfu kuzionyesha seli T. Seli T haiamki kwa kuonyeshwa kipande peke yake. Inahitaji pia ishara ya pili kutoka kwa seli ya dendriti, na ishara hiyo hutolewa kwa wingi pale seli ya dendriti inapotoka kwenye tishu iliyoumia. Hivyo figo iliyochelewa kuanza kazi huwa na hatari kubwa zaidi ya kukataliwa katika miezi inayofuata. Kwenu hatari hiyo imepunguzwa na HLA zilizolingana, lakini haikuondolewa, kwa sababu ndugu wasio mapacha wa kufanana hutofautiana pia katika protini nyingi ndogo zisizopimwa. Kwa kawaida mapacha wa kufanana ndio wanaoweza kusalimika bila dawa hizi, kama walivyokuwa ndugu wawili wa familia ya Herrick waliofanyiwa upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, Boston, tarehe 23 Desemba 1954, chini ya mpasuaji Joseph Murray. Jeraha kubwa pia linaweza kupona kwa kuacha kovu, na kovu halichuji damu. Kwa hiyo safari za kliniki zisipunguzwe kwa kuwa mgonjwa anajisikia vizuri: kreatinini, protini kwenye mkojo, shinikizo la damu na kiwango cha takrolimusi vipimwe kwa ratiba aliyopewa. Damu ya kupima takrolimusi hutolewa kabla ya kumeza dozi ya asubuhi; akimeza kwanza ndipo aende, kipimo kitadanganya. Kiwango kikishuka, seli T zinapata nafasi. Kikipanda mno, dawa yenyewe huibana mishipa ya figo na kuongeza madhara juu ya yale ya siku ya kwanza.

Kuhusu unga wa shangazi, jibu ni hapana, na ninaomba umweleze kwa heshima kwa sababu amefanya kwa mapenzi. Mdogo wako anameza dawa tatu kila siku ili kinga yake isipande. Ikiwa unga huo kweli unaongeza kinga kama matangazo yanavyodai, unafanya kazi kinyume na dawa hizo; na ikiwa hauongezi, anaiweka figo hatarini bila faida. Mashaka yangu makubwa zaidi ni kwamba hatujui umechanganywa na nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliotumia mchanganyiko wa mitishamba ya kupunguza unene waliharibikiwa figo kabisa, ikabainika kuwa ndani yake mlikuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia. Mitishamba mingine hupandisha au kushusha takrolimusi kwenye damu bila mgonjwa kuhisi lolote. Hata matunda yana mpaka wake: balungi na danzi huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachoivunja takrolimusi, kwa hiyo aviache kabisa, pamoja na maji yake na achari ya danzi. Machungwa ya kawaida ya Muheza hayana tatizo hilo, ale tu. Na akiandikiwa dawa yoyote mpya, hasa za fangasi, erithromaisini au rifampisini ya kifua kikuu, amwambie mwandishi wa dawa kwanza kwamba anatumia takrolimusi.

Limebaki lako, ambalo hukuuliza. Figo uliyobaki nayo huongeza kazi yake taratibu hadi kufikia karibu asilimia 70 ya kazi iliyofanywa na figo zote mbili hapo awali, kwa hiyo kreatinini yako mwenyewe itakuwa juu kidogo kuliko ilivyokuwa kabla ya kutoa. Huo si ugonjwa, wala si ushahidi kwamba ile nyingine ilikuwa na kasoro. Pima shinikizo la damu, protini kwenye mkojo na kreatinini walau mara moja kila mwaka. Na kila uendapo hospitali ya Bombo au kwenye zahanati yoyote, hata kwa maumivu ya mgongo tu, mweleze anayekuhudumia kwamba una figo moja, ili majibu yako yasomwe kwa kiwango chako na usiandikiwe diklofenaki wala ibuprofeni.